Ukishabonyeza Moja

Kila ninapofika mji wenye lugha mbili, kabla ya kwenda sokoni au makumbusho, napiga simu. Napiga kampuni ya umeme, hospitali, benki, ofisi ya manispaa, kisha nakaa kimya nisikie mashine inavyonipokea. Inaanza na lugha gani? Inanipa muda gani wa kuchagua? Na nikishachagua, lugha yangu inaenda nami hadi wapi? Ndiyo kazi yangu hapa Dar es Salaam: nafunga mitambo ya simu za ofisini, na katika kazi hiyo hakuna ninachokipenda kama zile sauti za maelekezo zinazomwambia mpigaji abonyeze nini. Haya nimeyatoa kwenye daftari ninalosafiri nalo. Sikuyafuata kwa tarehe.

MONCTON

Moncton ni mji wa wastani tu katika jimbo la New Brunswick, mashariki ya Kanada, lakini kwa mtu wa kazi yangu ulikuwa mji wa lazima kuufikia. Jimbo hilo ndilo pekee nchini humo ambalo serikali yake ina lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kifaransa, tangu sheria ya mwaka 1969. Mwaka 2002 Moncton nao ukajitangaza rasmi kuwa mji wa lugha mbili, wa kwanza Kanada. Takribani theluthi moja ya watu wa jimbo ni wa Kifaransa. Frank McKenna, waziri mkuu wa jimbo kuanzia 1987 hadi 1997, aliuona uwezo huo wa lugha mbili kuwa mtaji. Aliyazungukia makampuni makubwa akiyaambia yalete kwake vituo vya kupokea simu, kwa sababu atayapatia vijana wanaozungumza lugha zote mbili na mitambo ya simu ya kisasa. Yakaja. Lugha ambayo kwa vizazi vingi ilihesabiwa kuwa ya wavuvi na wakulima wa pwani ile ikawa inaleta ajira mjini.

Nilichokiandika kwanza Moncton ni kwamba kila lugha inajisemea yenyewe. Sauti ya Kiingereza inawaelekeza watu wake wabonyeze 1, inanyamaza, kisha sauti ya Kifaransa, kwa Kifaransa, inawaelekeza wa kwake wabonyeze 2. Jambo hili linaonekana dogo. Lakini nimepiga simu sehemu nyingi ambako lugha kubwa ndiyo inayoitangaza ndogo: inasema, kwa maneno yake yenyewe, kwamba anayetaka ile nyingine abonyeze namba fulani. Sasa yule asiyeielewa lugha kubwa, ambaye hasa ndiye aliyekusudiwa, atajuaje kwamba amesemewa?

Pia wanasema kwa ufupi. Salamu, jina la kampuni, kuchagua lugha, basi. Matangazo ya bidhaa mpya, saa za kazi na anwani ya tovuti vyote vinasubiri hadi mtu awe ameshachagua, ili asilazimike kuvisikia mara mbili.

Kwenye ofisi za serikali kuu kuna jambo la ziada. Sheria ya lugha rasmi ya mwaka 1988 inaitaka ofisi ya umma imwonyeshe mwananchi mapema kwamba anaweza kuhudumiwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, si kumngoja mpaka aombe. Ndiyo maana mtumishi akiinua simu husema "Hello, bonjour", na lugha utakayojibu nayo ndiyo itakayoendelea. Hakuna kubonyeza wala kuulizwa. Nilipenda sana, kwa sababu mzigo wa kuuliza umeondolewa mabegani mwa mtu ambaye lugha yake ina watu wachache.

Hata hivyo mashine ya Moncton haizungumzi kama watu wa Moncton. Mitaani Waakadia, ndio wasemaji wa Kifaransa wa pwani hiyo, huzungumza Chiac, Kifaransa kilichochanganyika na Kiingereza mpaka kitenzi cha Kiingereza kinavalishwa viambishi vya Kifaransa. Mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha simu aliniambia kwamba akisikia mpigaji ni wa Quebec hunyoosha Kifaransa chake, na akisikia ni wa nyumbani humwachia ulimi. Alisema mashine haiwezi hivyo, na hakuitaka iweze. Alitaka mashine iseme Kifaransa ambacho kila mtu anakielewa, halafu ampishe yeye haraka. Nimekubaliana naye tangu siku hiyo. Kwenye Kiswahili nako najaribu hivyo: sauti ya mashine iwe ya Kiswahili chepesi kinachosikika Tanga na Mbeya bila mtu kukunja uso, na utani wa mtaani aachiwe mhudumu.

Nitaje hapa jambo la kifundi, maana linaihusu Kanada. Ofisi nyingi ninazofunga simu hutumia programu ya bure iitwayo Asterisk, aliyoianzisha Mark Spencer huko Alabama mwaka 1999 kwa sababu hakuwa na fedha za kununulia kampuni yake mtambo wa simu. Sauti ya Kiingereza inayokuja nayo ni ya Allison Smith, Mkanada, na ya Kifaransa ni ya June Wallack, naye ni wa Kanada. Kipo pia Kihispania, Kiitaliano, Kirusi, Kijapani, hata Kiswidi. Kiswahili hakimo kwenye kifurushi hicho. Anayekitaka atafute msomaji na studio, arekodi faili moja moja, na faili hizo ni mamia. Hapo ndipo ofisi nyingi zinapochoka: zinarekodi salamu na menyu ya kwanza, faili kama kumi hivi, halafu zinasema simu yao ina lugha mbili.

CARDIFF

Welisi ilinipa mengi kuliko nilivyotarajia, na mengine yaliniuma.

Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu wasemaji wa Kiwelisi kuwa 538,000 hivi, yaani asilimia 17.8 ya wakazi wenye umri wa kuanzia miaka mitatu. Sheria ya mwaka 2011 iliipa lugha hiyo hadhi rasmi, ikaunda nafasi ya Kamishna wa Lugha ya Kiwelisi, na kuruhusu viwekwe viwango ambavyo taasisi za umma lazima zivifikie. Vimo vinavyohusu simu. Kimoja nilikiandika na kukipigia mstari: mtambo wowote wa simu unaojiendesha lazima utoe huduma yote kwa Kiwelisi. Neno "yote" limo ndani ya kanuni. Halmashauri ikiwa na menyu ya ngazi nne kwa Kiingereza, Kiwelisi nacho kiwe na ngazi nne.

Basi nikaijaribu. Nilipiga namba kuu ya ofisi moja ya umma nikachagua Kiwelisi, lugha nisiyoijua hata neno, kwa makusudi ya kusikiliza tu. Nikabonyeza namba isiyokuwepo. Sauti ikanirekebisha kwa Kiwelisi. Nikakaa bila kubonyeza chochote. Ikanikumbusha, kwa Kiwelisi. Nikaingia foleni, na kila baada ya muda muziki ulikatizwa na sauti ileile, lugha ileile. Nilikata kabla mtu hajapokea, nisimpotezee muda. Kwa fundi wa simu huo ni muziki mzuri kuliko ule wa foleni, maana mahali ambapo lugha ya pili huanguka ni palepale: kwenye kosa, kwenye ukimya, kwenye kusubiri, na kwenye ujumbe wa baada ya saa za kazi. Nilipowaeleza wenzangu Dar kwamba nilisafiri hadi Ulaya nikabonyeza namba isiyokuwepo, ilibidi niwaeleze kwa nini.

Sehemu nyingine huko hutumia namba mbili tofauti, moja ya kila lugha, zikaandikwa sambamba kwenye barua. Uzuri wake ni kwamba mtu hapitii menyu ya kuchagua. Lugha imeshajulikana simu inapoita. Ubaya wake ni kwamba namba iliyo peke yake ni rahisi kuihesabu, na kinachohesabika ni rahisi kukifuta. Novemba 2023 benki ya HSBC ilitangaza kwamba laini yake ya Kiwelisi itafungwa Januari 2024. Ilisema laini hiyo ilikuwa inapata takribani simu 22 kwa siku, wakati zile za Kiingereza zilipata kama 18,000. Wateja waliotaka Kiwelisi wakaahidiwa kupigiwa ndani ya siku tatu za kazi. Viwango nilivyovitaja haviyabani mabenki, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa.

Niliizungumzia hesabu hiyo na mwalimu mstaafu niliyekaa naye kwenye treni kuelekea Swansea. Yeye Kiwelisi ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi, kila alipokuwa na haraka, alichagua Kiingereza, kwa kuwa maisha yalimfundisha kwamba upande wa Kiwelisi utasubiri zaidi au utaishia kwa mtu anayeomba radhi na kuhamia Kiingereza. Hii ilikuwa kawaida kwenye makampuni mengi, alisema, na mtu akishaizoea haijaribu tena hata pale mambo yanapokuwa mazuri. Kwa maoni yangu, ile 22 si idadi ya watu wanaotaka kuhudumiwa kwa Kiwelisi. Ni idadi ya waliokuwa bado wanabonyeza. Nimekutana na meneja Dar es Salaam aliyetaka kuondoa Kiswahili kwenye simu za tawi lake kwa sababu hiyohiyo, karatasi ya takwimu mkononi, na nikamwomba kwanza apige yeye mwenyewe achague Kiswahili, aone kinampeleka wapi. Kilimpeleka kwenye ujumbe wa sauti wa Kiingereza.

Halafu kuna hesabu zao. Kiwelisi kina namna mbili za kuhesabu, ya zamani inayokwenda kwa ishirini-ishirini na mpya inayokwenda kwa kumi, na saa husomwa kwa ile ya zamani. Mbili, tatu na nne hubadilika kufuata jinsia ya nomino. Nomino yenyewe baada ya namba hubaki umoja. Mashine iliyotengenezwa na watu wa Kiingereza hudhani namba ni namba: rekodi sifuri hadi tisa, makumi, mia, halafu unganisha. Ukiunganisha Kiwelisi namna hiyo unapata kitu ambacho hakuna mtoto wa Caernarfon angekisema. Nilipoyasikia hayo nilifikiria ngeli zetu, na safari yote ya kurudi nilikuwa naandika orodha ya faili.

MUSCAT

Hapa ni machache. Kiarabu kwanza, Kiingereza pili, na saa za kazi husomwa Jumapili hadi Alhamisi, kwa kuwa mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi. Fundi akichukua salamu ya tawi la Dar akaitafsiri kwa ajili ya tawi la Muscat bila kugusa siku, ameharibu. Nilichojifunza ni mpangilio wa namba: Kiarabu husema tatu na ishirini pale sisi tunaposema ishirini na tatu, ingawa hiyo ishirini tumeipata kwao. Wajerumani nao hutanguliza kidogo mbele ya kikubwa. Programu ya simu inayajua ya Kijerumani, iliandikiwa utaratibu wake, na nilipoliona hilo nilipata moyo: kumbe mpangilio wa lugha unaweza kuandikwa ndani ya mashine, ikiwa kuna aliyekaa kuuandika.

Wenyeji wangu, wazee wa Unguja waliohamia huko, walizungumza Kiswahili sebuleni na Kiarabu kwenye simu ya benki. Hawakulalamika. Huko Kiswahili ni cha nyumbani na hawakutegemea benki ikijue.

NAIROBI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Menyu ya M-Pesa unaweza kuigeuza iwe ya Kiswahili wakati wowote. Kwa hiyo nilitegemea kwamba madereva, mama mboga, mabawabu, wote wangekuwa upande wa Kiswahili. Dereva aliyenichukua uwanja wa ndege alinishangaza. Yeye kila akipiga kampuni yoyote huchagua Kiingereza.

"Kiswahili yao ni ngumu, bro," alisema. "Na ukibonyeza hiyo, bado utaongea na mtu wa Kizungu."

Sababu mbili ndani ya pumzi moja. Ya kwanza ni ya mwandishi: Kiswahili cha menyu kimeandikwa na mtu aliyekuwa na sentensi ya Kiingereza mbele yake, kila neno likatafutiwa jozi yake, mpaka msikilizaji akifika mwisho wa sentensi ameshasahau abonyeze ngapi. Ya pili ni ileile ya mwalimu wa Swansea. Uchaguzi wa lugha ulibaki kwenye mashine, haukumfikia mtu aliyepokea.

Kifundi hilo lina dawa, tena si ghali. Mpigaji akishachagua lugha, mtambo unaibandikia simu yake alama, na alama hiyo inaweza kuamua mambo mengi: folda ya sauti itakayotumika, foleni itakayoingia, wahudumu watakaoitwa, hata neno litakalotokea kwenye kioo cha simu ya mhudumu kabla hajainua, ili aanze na "Karibu" badala ya "Good morning". Namba ya mpigaji inaweza kuhifadhiwa pamoja na lugha yake, akipiga tena mwezi ujao asiulizwe. Mitambo mingi iliyopo tayari inaweza kufanya yote haya. Inahitaji mtu wa kuielekeza, na meneja wa kupanga zamu za watu.

DAR ES SALAAM

Nyumbani tuna bahati ambayo Cardiff hawana: Kiswahili ndicho lugha kubwa. Mitandao ya simu inaanza nacho bila mtu kuambiwa. Shida iko kwenye makampuni ya kati, hasa yenye wenye hisa wa nje, ambako maandishi ya sauti huja tayari yameandikwa kwa Kiingereza, yakapitia kwa mfasiri wa haraka, yakaletwa kwangu nirekodi.

Kwa sauti natumia mama mmoja aliyewahi kusoma taarifa ya habari redioni enzi zake. Studio ipo Sinza, ndogo, na tukianza kazi tunazima feni, jasho linatutoka. Siku moja nilimkabidhi maandishi ya kampuni fulani, nikamwamkia, nikawasha kinasa sauti. Akasoma salamu. Alipofika saa za kazi aliishusha karatasi na kuvua miwani.

"Saa nane na nusu asubuhi ndiyo saa ngapi, mwanangu?"

"Wamekusudia saa mbili na nusu, mama."

"Basi waandike saa mbili na nusu. Mtu atakuja saa nane na nusu mchana akute foleni imeisha, aseme nilimdanganya mimi. Sauti ni yangu."

Akaendelea. Akafika pale panaposema simu yako ni muhimu kwetu. Akasimama tena.

"Hii nani huisema? Mgeni akibisha hodi unamwambia karibu, unampa kiti. Humwambii kuja kwako ni muhimu."

Tukaandika upya palepale: "Karibu. Tafadhali subiri, utahudumiwa sasa hivi." Akasita kwenye "sasa hivi", akauliza kama kweli watahudumiwa sasa hivi. Nikamwambia wakati mwingine ni dakika kumi. Akakataa kusoma. Tukakubaliana kwenye "subiri kidogo, tunakuja kukuhudumia". Meneja wa kampuni ile aliposikiliza hakubadilisha neno.

Saa ndiyo inayonipa kazi kubwa, kwa sababu mashine nayo husoma saa. Ujumbe ulioachwa usikilizwapo, mtambo hutaja ulipokelewa lini. Ukiuachia utaratibu wa Kiingereza na faili za namba za Kiswahili, ujumbe wa 15:00 utasomwa saa tatu, na mkurugenzi ataamini mteja alipiga asubuhi. Hivyo tunauandikia hesabu yake: chukua saa ya seva, sogeza saa sita, kisha tafuta kipindi, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ule ulioingia saa nane za usiku nimeufanya usome "usiku wa kuamkia Jumatano", kwa sababu ndivyo mtu wa kwetu angesema, na bila hivyo watu huchanganya siku.

Foleni nayo ina ngeli. Mashine ya Kiingereza hubandika namba katikati ya sentensi iliyokwisha kurekodiwa. Ukifanya hivyo kwa Kiswahili utasikia "kuna wateja mbili mbele yako", na mpigaji atajua papo hapo kwamba hakuna aliyejali. Kwa hiyo tunarekodi sentensi nzima: mteja mmoja, wateja wawili, watatu, wanne, watano. Sita na saba hazibadiliki, nane inabadilika, tisa na kumi zimetulia. Zaidi ya kumi hatutaji namba. Tunasema wateja ni wengi, na kumpa mpigaji nafasi ya kubonyeza alama ya reli akate, ofisi impigie. Hilo si adabu tu. Mpigaji wetu anakula dakika za kifurushi au salio lake, na kila sentensi tunayomsomea ameilipia yeye. Salamu ya lugha mbili inayochukua nusu dakika, Moncton ni kero. Kwa anayepiga kutoka Gongo la Mboto akiwa na salio la kuungaunga ni fedha iliyokwenda bila jibu. Ndiyo sababu Kiswahili naanza nacho bila kuuliza: "Karibu", jina la kampuni, menyu moja kwa moja, na sentensi moja fupi ya Kiingereza inayomwelekeza anayekihitaji. Baadhi ya wateja wangu huona kwamba hivyo namdharau mgeni. Mgeni anasubiri sekunde nne. Nimewahesabia.

Na sita na tisa. Laini ya simu hubeba sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu ya hapo, kwa hiyo inakatwa. Angalia maneno hayo mawili: herufi zilezile, zimepishana tu. Mpigaji akiwa kituo cha daladala Mbagala, honi zinalia, kilichobaki ni "i" na "a". Namba ya kumbukumbu ya malipo yenye sita mbili na tisa moja ni mtihani. Mama yangu wa studio alisoma kila moja mara nyingi, tukazishusha hadi sampuli 8,000 kwa sekunde kama simu inavyotaka, tukazisikiliza kwenye simu ya kitochi badala ya spika za studio. Zilizoshinda ni zile alizotamka polepole kuliko alivyopenda, "t" ikipigwa wazi.

Jambo la mwisho kabla ya kukabidhi mtambo ni kutafuta mapengo. Programu ikikosa faili ya Kiswahili haisimami wala haitoi kengele. Inachukua ya Kiingereza na kuendelea. Mteja yuko katikati ya Kiswahili, amekosea namba ya siri, na ghafla Allison Smith anazungumza. Kwa hiyo napiga usiku ofisi imefungwa, napiga sikukuu, nabonyeza namba zisizokuwepo, naacha muda uishe, naingiza namba ya siri kimakosa mpaka nitolewe. Niliyoyafanya Cardiff kama mgeni, hapa ni sehemu ya bei ya kazi.

KIGOMA

Wakala mmoja wa mizigo karibu na bandari aliniita nimwekee Kiswahili na Kifaransa, maana wateja wake wako Bujumbura, Uvira na Kalemie. Maandishi ya Kifaransa yalikuwa tayari, mazuri kabisa. Nilimwomba kwanza anipe kiti pembeni ya dada wa mapokezi, nisikilize simu zinazoingia.

Za Kalemie ziliingia kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwao, "muzigo yangu ilifika?", na dada akajibu bila kutatizika, "Bado kaka, meli inashusha kesho." Za Bujumbura nyingi zilikuwa hivyohivyo. Kifaransa kilijitokeza mahali pamoja, na kilijitokeza kila mara: kwenye namba. Mtu anaeleza shida yake yote kwa Kiswahili, akifika kwenye namba ya kontena au kiasi cha fedha anahamia Kifaransa, na dada anakwama, anaomba arudiwe, anaandika, anakosea.

Ofisini hakukuwa na mtu hata mmoja anayeweza kupokea simu kwa Kifaransa. Nilimwambia meneja kwamba menyu ya Kifaransa itamwita mteja mpaka kwenye simu ambayo hakuna wa kumjibu, na mteja huyo hatabonyeza tena. Tukaiacha. Badala yake menyu ikabaki ya Kiswahili, na kwenye kufuatilia mzigo mteja anaingiza namba kwa vidole, mashine inamsomea tarakimu kwa Kiswahili, na akibonyeza nyota inazirudia kwa Kifaransa, pamoja na kiasi anachodaiwa.

Faili za Kifaransa za kwenye programu hazikufaa kwa kiasi cha fedha. Ni za Kanada, ambako sabini ni sitini na kumi, na tisini ni themanini na kumi. Kongo na Burundi, waliokipokea Kifaransa kwa Wabelgiji, wana neno moja kwa kila mojawapo, "septante" na "nonante". Kuli mkuu wa bandarini, mzaliwa wa Uvira, alikubali kuturekodia. Tulifunga madirisha ya ofisi mchana ule, akasoma sifuri hadi mia, halafu elfu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita namba za magunia. Meneja alitaka kujua lini tutaongeza Kifaransa kamili. Nimemwandikia: ukishaajiri anayekizungumza, kwa zamu ya asubuhi na ya jioni.